Mtoto Aliyelilia Jina

Peris na Mukhisa walianza kwa ugomvi, na mimi nasema wangeishia hapo hapo wakajiepushia mengi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwaka 1987, na duka la vitambaa la Dayawanti pale Kitale lilijaa wanunuzi hadi mlangoni. Flaneli ya manjano, ile laini ya kufungia watoto, ilikuwa imebaki kipande kimoja. Mkono mmoja ulikishika upande huu, mwingine upande ule.

"Wachilia, bana. Hiyo nimeona kwanza," alisema Mukhisa, kijana mrefu mwenye shati la maua makubwa, karani wa duka la vipuri mjini Bungoma.

"Wewe na flaneli wapi na wapi? Unashona suti?"

"Ni ya shemeji yangu. Ana mimba ya miezi saba. Na wewe, mtoto wako ako wapi?"

"Mimi ni nesi. Watoto wangu ni wote wanaozaliwa hii mji."

Dayawanti alichukua mkasi, akakata kitambaa katikati. "Chukua nusu nusu, toka! Nyinyi nafukuza kastoma!" Wakatoka wamenuniana, na walipofika kwenye kona walikuwa wanacheka.

Baada ya hapo ikawa simu. Kila tajiri wake Mukhisa alipokwenda kula chakula cha mchana, simu ya wodi ya wazazi kule Kitale ililia. Manesi wengine walikuwa wameshachoka kuipokea.

"Sista Peris ako hapo?"

"Ni mimi. Umekula?"

"Nitakula aje na sijasikia sauti yako, mpenzi?"

"Wacha uongo. Nasikia ukitafuna."

Wilkista, yule shemeji, aliletwa kujifungulia kwenye wodi ya Peris kwa sababu Mukhisa alijigamba kwao kwamba mpenzi wake ndiye nesi bora Kitale nzima. Mtoto alikuwa wa kike, kilo nne na nusu, na alitoka kwa shida, mabega yakikwama. Mtoto kama huyo hukaguliwa uchi chini ya taa, kutoka utosini hadi unyayoni. Nesi humpapasa mifupa, humtazama kaakaa, humshtua kidogo aone kama mikono yote miwili inafunguka. Peris alikuwa amempima uzito na kumhesabu vidole simu ilipolia. Alimfunika, akaenda. Yeye na Mukhisa walizungumza dakika ishirini, habari ya harusi tu. Aliporudi, mama mwingine alikuwa anasukuma, naye Peris akajaza fomu haraka haraka: mikono, sawa, mabega, sawa. Hakuwa ameyagusa.

Siku ya nne Peris alikwenda Kabuchai, kwa kina Mukhisa, kuonwa na mama mkwe mtarajiwa. Alivaa gauni la bluu lenye mabega yaliyotuna na viatu vyeupe, akabeba mkate na sukari. Kilio cha mtoto alikisikia tangu barabarani.

"Anaria tangu atoke hosipitari," alisema mama yake Mukhisa, bila hata kumkaribisha kiti. "Anataka jina. Kuna mtu yetu alikufa, anataka kurudi."

Ndivyo wanavyofanya huko. Mtoto asiponyamaza, wazee humtajia majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka akubali. Siku hiyo walikuwa wameshataja kumi na saba, na sauti ya mtoto ilikuwa imekauka.

Peris alimpokea, akamlaza kitandani, akamvua nguo. Mkono wa kushoto ulicheza. Wa kulia ulilala tu. Alipopapasa bega alikuta uvimbe, na mfupa ukakwaruza chini ya kidole chake. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika tangu kuzaliwa. Akamvalisha taratibu, akaukunja ule mkono kifuani, akaubana kwa pini kwenye shati usitikisike.

"Nakhungu!" shangazi mmoja aliita wakati huo huo.

Mtoto akanyamaza. Vigelegele vikapaa, mama akamnyakua mjukuu, na Peris akamvuta Mukhisa nyuma ya jikoni.

"Si jina. Ni mfupa umevunjika. Sikumwangalia, Mukhisa. Tulikuwa kwa simu, mimi na wewe."

"Si amenyamaza? Wacha ikuwe jina. Mama akijua, hakuna harusi."

"Na wakimwinua vibaya?"

Kule sebuleni mama alikuwa amemshika Nakhungu kwapani, akimrusha juu majirani wamwone, na mtoto akapiga yowe lililozima vigelegele vyote.

Peris alikimbia ndani, akamtoa mtoto mikononi mwa mama, akasema yote mbele ya watu: mfupa, fomu, na uongo alioandika. "Niliitwa kwa simu, nikaenda."

"Simu ya nani?" mama aliuliza.

Peris alimtazama Mukhisa. Mukhisa alitazama viatu vyake.

"Si ni wanaume wake wa Kitare!" mama alifoka. "Maraya wewe! Umeharibu mujukuu yangu, ukaandika ati ako sawa! Toka kwa boma yangu!"

Alitoka peke yake, lakini si kabla ya kumwonyesha Wilkista jinsi ya kumbeba mtoto. Na yule mwanamume alibaki amesimama pale kama gunia. Kesho yake Peris alijipeleka mwenyewe kwa metroni, mkuu wa manesi, akaondolewa wodini, akawekwa kwenye stoo ya mashuka.

Wiki tatu zikapita. Mukhisa akaja, amenyoa ndevu, pete mfukoni.

"Mtoto amepona kabisa, mpenzi. Anarusha mikono yote. Na mama amepoa. Anasema atakusamehe, ukuje tu upige magoti mbele ya wazee."

"Umewaambia nani alipiga ile simu?"

"Ya nini kuchokoza mambo imekwisha? Wewe ndio nesi."

"Ndio. Kosa ya fomu ni yangu, sikuambii ubebe. Lakini mama yako aliniita malaya mbele ya watu, na ulijua huyo mwanaume ni wewe."

"Peris, si unanipenda?"

"Nakupenda sana, na ndiyo inaniuma. Rudisha hiyo pete mfukoni, uende."

Mukhisa aliona habembelezwi, akaondoka akisonya. Peris alilia juu ya mashuka kwa sauti hadi metroni akafungua mlango.

"Unamlilia yule?"

"Namlilia, metroni," alisema akijifuta kamasi. "Lakini simrudii."