Ngoma Iliyokatwa Mwisho

Taa zilipoanza kucheza bila muziki, dijei alicheka. Alikuwa ameweka sebuleni taa nne za rangi zinazoongozwa na simu: simu husikia muziki, taa zikafuata mdundo. Lakini spika alishaizima, na bado taa ziliwaka nyekundu, zikazimika, zikawaka tena. Mkewe, mshonaji, akadhani simu inasikia cherehani yake, akaondoa mguu kwenye pedali. Taa ziliendelea.

"Basi inasikia njaa yako," dijei akamtania, maana mke alikuwa hajala tangu asubuhi.

Dijei huyu alijua kazi yake, ila sikio la kufa halisikii dawa. Shangazi wa mkewe alikuwa mganga, na juzi dijei alimpeleka kwa mgonjwa mmoja. Shangazi alimkataza kurekodi ngoma ya kupunga pepo. Dijei akaitikia vizuri tu, huku simu inarekodi mfukoni. Ngoma ile ina sehemu mbili: ya kwanza humwita jini apande kichwani, ya pili humuaga aende zake. Ya kuaga ni ya polepole, na dijei hakupenda polepole. Akaikata na kuifuta. Ile ya kuita akaifanya ijirudie, akaitumia alasiri nzima kujaribia taa zake. Jini akaitwa, akaitwa, akaitwa, na hakuna aliyemuaga.

Sasa sebule ilinuka nywele zilizoungua. Mguu wa mshonaji ukarudi kwenye pedali, ukaanza kukanyaga sawasawa na taa.

"Mume wangu," akanong'ona, "huu mguu siuchezeshi mimi."

Dijei alikimbia akazima umeme wa nyumba nzima, lakini taa ziliwaka vilevile, na sindano ikapanda na kushuka na kumtoboa mkewe kidole, ikatoboa tena palepale, uzi mweupe ukiingia na kutoka mwekundu, na alipomvuta kutoka kitini alipigwa kofi lililombamiza ukutani, akainua macho akaona mkewe ameshika mkasi wa kukatia vitambaa, na kila taa zilipowaka alikuwa amesogea, na kila zilipozimika alisikika akihema kama ng'ombe, hadi mkasi ukazama begani mwa dijei, ukachomolewa, ukazama tena.

Ukelele wa dijei ndio uliomleta shangazi, aliyekaa nyumba ya pili. Alipofungua mlango, mshonaji alishauelekeza mkasi shingoni mwake mwenyewe. Sauti nzito ikamtoka kinywani.

"Nimeitwa sana. Nimekuja kukaa."

Shangazi hakupiga kelele. Alimuuliza dijei kwa sauti ya chini ile ngoma ya kuaga iko wapi. Dijei, damu ikimchuruzika hadi viganjani, akajibu kwamba aliifuta.

"Aliyeita ndiye anayeaga," shangazi akasema. "Piga kwa mkono wako. Nifuate mimi."

Akampigia mdundo mgongoni, taratibu, na dijei akaupiga juu ya spika yake. Mara ya kwanza aliharakisha, mkasi ukachana ngozi ya shingo. Akalia. Hakuwahi kuogopa kitu maishani kama alivyoogopa kumzika mwanamke yule. Akapunguza kasi, akapunguza tena, bega likimtoka damu, hadi taa nazo zikaanza kuchelewa, na mkono wa mkewe ukashuka kidogo kidogo. Taa zikapasuka moja baada ya nyingine. Mshonaji akaanguka, akavuta pumzi, akaita jina la mumewe kwa sauti yake mwenyewe.

Shangazi aliwafunga vidonda wote wawili, wakamlaza mshonaji. Shangazi akaivunja ile simu kwa mchi, kisha akaketi kunywa maji, amechoka. Dijei akakaa kitandani miguuni pa mkewe, akamwambia shangazi kwamba hatarudia tena.

Ndipo alipoona shuka inatikisika. Mguu wa mkewe aliyelala ulikuwa unakanyaga upesi upesi, ule mdundo wa kuita.

Alimtazama shangazi. "Ulimwita alasiri nzima," shangazi akasema, "kumuaga mara moja hakutoshi."

Dijei akaweka kiganja kwenye ubao wa kitanda, akapiga polepole. Mguu ukatulia. Alipoacha, ukaanza.

Mpaka leo hafanyi tena kazi za harusini. Mkewe akilala, yeye hukaa miguuni pake, akipiga. Na viganja vyake vimeanza kuchoka.