Zamu ya Mchana

Mwanamume anayechimba harudi nyumbani msafi. Hilo ndilo lililomjia fundi cherehani alipomwona mumewe akiingia jioni ile, kucha nyeupe, shati limenyooka, sururu begani haina hata chembe ya udongo. Kisha akaona kifungo. Kilikuwa kimedondoka tangu juzi, naye kwa kazi nyingi hakupata nafasi ya kukirudishia. Sasa kilikuwa mahali pake, kimeshonwa kwa uzi wa njano unaong'aa. Akaligeuza shati kutafuta fundo. Hapakuwa na fundo, wala mwanzo wa uzi, wala mwisho.

"Nani kakushonea hiki?"

"Kipi?"

"Usinijibu kwa swali."

Mume akakitazama kifua chake kwa mshangao. "Kwani si wewe?"

Mwanamke mwingine angeshukuru kupunguziwa kazi. Huyu wa kwetu aliwahi kumnunia mumewe siku mbili nzima kwa kusifia kola aliyoshona fundi wa mtaa wa pili. Usiku huo hakula.

Mume mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Sururu, alikuwa na miezi mitatu akienda kila asubuhi kwenye mji wa mgodini. Mji huo ulikufa zamani. Mgodi ulifungwa, watu wakahama, nyumba za wafanyakazi zikabaki safu kwa safu bila mabati. Ila ilisemwa kwamba mzigo wa mwisho wa dhahabu haukuwahi kutoka chini, na kwamba aliyeukalia si binadamu. Sururu aliiamini nusu ya kwanza ya habari hiyo, ya pili akaicheka. Wenzake walitafuta wakachoka. Yeye hakuchoka, na sasa mkewe alidhani ameijua sababu.

Wiki iliyofuata fundi alikuta suruali ya mumewe imepunguzwa kiuno. Wiki nyingine, tena. Na nyingine, tena. Alizipeleka dirishani, akakagua tundu moja moja la sindano akitamani kukuta kosa, asilikute. Nguo zilinukia waridi na chuma kilicholowa maji.

"Tazama, wifi," alimwambia dada wa mumewe aliyekuja kuwajulia hali. "Tazama huyo hawara anavyonionyesha kazi."

Wifi hakuitazama suruali. Alikuwa akimtazama kaka yake, aliyekaa uani kwenye jua kali huku akitetemeka.

"Kaka yangu anakwisha, wewe unakagua mapindo? Suruali imepunguzwa mara tatu, wifi. Kwani aliyepungua nani?" Akashusha sauti. "Twende kwa mganga."

"Tutakwenda. Kwanza nimwone huyo mwanamke."

Kesho yake asubuhi alimfuata mumewe kwa mbali, jua likafika utosini wakiwa njiani. Akapita barabara ya kokoto iliyoota majani, akapita ofisi ya zamani yenye madawati yasiyo na makarani, akapita safu ya kwanza ya nyumba na ya pili, na kwenye ya tatu akasikia cherehani. Mwenye kazi yake haukosei mlio huo. Nyumba moja tu ilikuwa na mlango na pazia, ua wake umefagiwa, na harufu ya waridi ilikuwa nzito hata ikamkaba koo, na alipochungulia akamwona mumewe amesimama katikati ya chumba ameinua mikono, na tepu ya kupimia ikimzunguka kifua polepole, ikikaza, ikilegea, ikikaza tena, na hapakuwa na mtu aliyeishika, ila ukutani vivuli vilikuwa viwili, na mumewe alikuwa akimtabasamia huyo asiyeonekana kwa tabasamu ambalo yeye mkewe hakuliona tena tangu mwaka wa harusi yao.

Miguu ilimwambia kimbia. Angekimbia, na mambo yangekuwa mengine. Lakini lile tabasamu lilimchoma kuliko hofu.

"Kama umempenda mchukue!" alipiga kelele. "Mchukue mzima mzima, mimi sitaki makombo!"

Cherehani ikanyamaza.

"Nimesikia," sauti ya kike ikasema kwa upole, karibu kabisa na sikio lake.

Alimkokota mumewe hadi nyumbani, na alikuwa mwepesi kumkokota. Tangu saa ile Sururu hakusikia tena mkewe akimwita. Wengine aliwasikia.

Mganga alikuwa mama mtu mzima anayeuza ndoo za plastiki. Hakuchoma ubani wala kutikisa kitu. Aliwasikiliza wifi wawili hao, akaenda kurudisha mlango.

"Umempa mwenyewe," alinong'ona. "Siwezi kumnyang'anya mtu alichopewa."

"Nilikuwa na hasira, mama."

"Wao hawajui hasira, wanajua neno. Atakwisha kabla ya mwezi kuandama, labda mgawane. Umkubali kuwa mke mwenzio. Mchana wake, jioni wako. Na zamu ni zamu, mwanangu. Ukiivunja, hatampata yeyote kati yenu."

"Mimi niwe mke mwenza wa jini?"

"Au uwe mjane," wifi akasema taratibu.

Wakaenda. Fundi akasimama kwenye ua ule uliofagiwa, akasema "Dada, tugawane," meno yameumana. Pazia likatikisika kidogo.

Sururu akapona, akamsikia tena mkewe akimwita. Alikula, akanenepa, akacheka mpaka majirani wakasikia. Mara mojamoja vumbi la dhahabu lilidondoka kwenye pindo la suruali yake, dhahabu ile ile iliyowatoa watu jasho miaka yote, na fundi akalifagia akalitupa jalalani. Dhahabu ya mwanamke mwingine ya nini? Mumewe alikuwa mzima, alikuwa wake kila jioni, na hilo halikumtosha. Alirudi ameridhika, hilo ndilo lililomuuma. Alirudi na vichekesho ambavyo hakuvipata kwa mkewe.

Asubuhi moja Sururu alinyoa ndevu mara mbili, kisha akauliza, "Mke wangu, shati lipi linanipendeza?"

Fundi akatoka chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Leo huendi."

"Lakini zamu..."

"Zamu kitu gani? Ana cheti? Ana shahidi?"

Akaketi ukumbini, mgongo mlangoni, ufunguo kaukalia. Kufika adhuhuri waridi likaanza kuingia kwa chini ya mlango wa mbele, na cherehani yake mwenyewe pale kwenye kona ikaanza kuzunguka bila mguu wala kitambaa, taratibu kwanza, halafu kwa kasi mpaka meza ikagonga ukuta, na nyuma yake mumewe alikuwa akinong'ona kwamba amfungulie, anamwomba, anavutwa mkono mmoja huku na mwingine kule, anachanika, na yeye akajibu bila kugeuka kwamba atamfungulia akisema tu anampenda yeye kuliko yule, akangoja, akangoja tena, na mumewe, ambaye hakuzoea kusema uongo, hakujibu.

Alasiri cherehani ilisimama. Fundi akafungua.

Alikuwa amelala sakafuni, macho wazi, amekonda kuliko siku zote. Kumwinua kulikuwa sawa na kuinua nguo zake tu. Na nitasema ukweli, jambo la kwanza alilolisikia fundi moyoni halikuwa huzuni.

"Na wewe umemkosa," akasema.

Hapo ndipo kilio kikaanza nje, chini ya dirisha la chumba. Kilio cha mwanamke aliyefiwa kweli, cha kukatika pumzi. Fundi naye akafumbua kinywa alie. Machozi yakagoma.

"Nyamaza!" akakimbilia mlango wa mbele. "Mjane ni mimi! Wa kulia ni mimi!"

Wifi alikuwa anakuja mbio kutoka barabarani, kilio kile kimemfikia. Fundi akamfungulia mikono, ufunguo ungali kiganjani. Wifi akamtazama macho yake makavu, akampita. Akazunguka nyumba hadi dirishani, akaketi chini mavumbini, na fundi akamsikia akisema, "Pole, wifi yangu. Pole sana. Njoo nikushike."