Pasipoti Iliyotoweka Kabla ya Amina

Pasta Mulinge alipotamka "Amina", watu wote sebuleni walifumbua macho, na pasipoti ya Ndunge haikuwa kwenye sinia.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, nyumbani kwa Mama Ndunge, nyuma kidogo ya soko la Kyuso. Kesho yake alfajiri Ndunge alikuwa apande basi la Nairobi, na usiku aingie ndege ya kuifuata meli ya Malkia Aurora huko Ulaya, meli ya kifahari ambayo ilikuwa imemwajiri kutunza vyumba vya wageni. Asipofika bandarini siku ya kung'oa nanga, nafasi yake ingepewa mwingine. Na pasipoti mpya, kama mjuavyo, haipatikani Jumapili.

Huku kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Hati zake huwekwa kwenye sinia, zikafunikwa kitambaa cheupe, waumini wakasimama kuzizunguka, kisha kila mtu akaomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja, macho yamefumbwa. Wengine hutembea huku na huku wakiomba. Kelele huwa nyingi kiasi kwamba ungeweza kuburuta meza hadi nje na mtu asisikie. Sasa chini ya kitambaa kilibaki kitabu cha baharia na cheti cha daktari, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimerudishwa vizuri mahali pake.

"Woi!" Mama Ndunge alipiga kelele. "Mwizi ndani ya maombi?"

Pasta Mulinge, ambaye hupenda mahubiri marefu lakini si mjinga, aliufunga mlango na kusema hakuna atakayetoka mpaka polisi waje.

Aliyekuja ni Sajini Najma Nuhu, mzaliwa wa Mwingi, akiwa na konstebo mmoja. Najma ni mwanamke mpole wa sauti, na wengi wamedanganywa na huo upole. Aliwapekua wanawake yeye mwenyewe chumbani, konstebo akawapekua wanaume. Wakatazama chini ya makochi, ndani ya masufuria ya pilau, hadi kwenye kapu la vitunguu. Hawakupata kitu.

"Hakuna mtu alitoka?" Najma aliuliza.

"Hakuna, afande," Pasta alijibu. "Tulipofumbua macho wote walikuwapo, na tangu hapo niko mlangoni mimi mwenyewe."

"Basi bado iko hapa ndani. Nipatieni chumba, nizungumze na mmoja mmoja."

Wa kwanza alikuwa Nyamai, mchumba wa Ndunge, kijana mrefu mwenye duka la dawa za mifugo. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia uchumba, alikuwa ameshawapeleka Desemba, na kila mtu Kyuso alijua kwamba hakufurahia safari hii.

"Ulitaka abaki," Najma alisema.

"Nilitaka, na nilisema mbele ya wazee. Sasa mtu akitaka kuiba, anaanza kwa kutangaza?"

"Wengine hutangaza ili wasishukiwe."

Nyamai alicheka bila furaha. "Afande, muulize mama. Alipoanza kulia nilimshika mikono yote miwili tangu mwanzo wa maombi mpaka mwisho. Hata kamasi nilishindwa kupangusa."

Mama Ndunge alithibitisha neno kwa neno, kamasi pia. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hasira na hakujua pa kuipeleka, akaongeza lalamiko jingine. "Na huyu Kapteni! Watu wanatafuta pasipoti ya mtoto wangu, yeye yuko kwa beseni anaosha mikono. Sabuni mara mbili! Maji ya Kyuso unayajua, afande. Sisi kikombe kimoja kinatosha mikono ya nyumba nzima."

Kapteni alikuwa ni Musyimi, mwalimu wa Ndunge. Hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Jina hilo alipewa na soko kwa sababu alifanya kazi ya uhudumu kwenye Malkia Aurora miaka sita, kisha akarudi na kufungua darasa la kufundisha vijana kutandika vitanda, kubeba sinia na kusema "karibu" kwa lugha nne. Na alifundisha vizuri, lazima tuseme. Ndunge alipoitwa kwa usaili Mombasa, aliwaacha watahini midomo wazi.

Wa pili kuitwa alikuwa Wavinya wa Kwa Vonza, mwokaji mikate wa melini aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Huyu alikuwa na neno la kujibu. Mpwa wake, Kanyiva, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye nafasi za akiba. Ndunge akikosa, Kanyiva anaenda. Na wakati wa maombi Wavinya alisimama karibu kabisa na meza.

"Najua unafikiria nini," alisema hata kabla ya kukaa. "Kanyiva atapata nafasi yake mwaka ujao. Mimi siwezi kuiba kwa maombi."

"Sijakuuliza hilo bado," Najma alisema. "Nimeambiwa wakati wa chakula wewe na Kapteni mlishindana. Mlikuwa mnabishana nini?"

Wavinya akalegea. Ukitaka mtu wa meli afungue roho, muulize meli.

"Meli gani ni nzuri zaidi. Yeye anasifu Malkia Aurora, mimi nasifu yangu, Lulu ya Kaskazini. Lakini ukweli, afande, Malkia ni mji. Niliiona imeegeshwa karibu na sisi, nikahesabu ghorofa nikachoka. Iko na bustani ya miti ya ukweli katikati, ukumbi wa michezo ya kuigiza, mahali pa kuteleza kwa barafu na nje ni jua kali. Wageni elfu tatu, na kila mmoja anapata sahani yake ikiwa moto."

"Na Lulu?"

"Lulu ni ndogo. Haina kelele. Mgeni akinywa chai siku ya kwanza, siku ya pili hatuulizi tena anaweka sukari ngapi. Inaingia kwa njia nyembamba kati ya milima, kule Malkia haiwezi kuingia, mpaka unasikia barafu ikianguka kwa maji. Wageni wanasimama kimya kama kanisani. Siku hiyo kapteni wa ukweli alikuja jikoni akatutoa sisi wote juu tuone, na unga kwa mikono. Nililia, afande. Mimi mtoto wa Kwa Vonza, naangalia mlima wa barafu."

Najma alisahau kalamu yake. Hajawahi kupanda hata feri, na kwa dakika nzima alikuwa huko, kwenye baridi, anasikiliza barafu. Akajikumbusha kazi.

"Kila siku mnaona hayo?"

"Wapi! Sisi wafanyakazi tunalala chini, karibu na usawa wa maji. Hakuna dirisha. Unajua asubuhi imefika kwa sababu ya saa."

"Na pasipoti unaiweka wapi, isiibwe?"

"Pasipoti huwezi kukaa nayo. Siku ya kupanda unaipeana ofisi ya wafanyakazi, wanafungia. Unaiona tena siku ya kushuka. Kabla ya Lulu nilikuwa kwa meli nyingine kubwa, na mambo ni hayo hayo."

Wa tatu alikuwa Musyimi mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama peke yake. Aliketi wima kama mgeni wa heshima.

"Jambo la aibu sana, afande. Msichana kama Ndunge!"

"Wewe ndiye ulimfundisha. Lazima una uchungu."

"Sana. Mikono yake ni ya kazi ile. Hata mimi, miaka yangu yote, sikuwa na mikono kama hiyo."

Najma aliona kwamba hapo hakudanganya. "Niambie kidogo kuhusu Malkia. Nimesikia sifa za Lulu, nikatamani."

Musyimi aliangaza uso. Alieleza taa za ukumbi mkubwa, wapiga piano, wageni wanaoshuka kwa mavazi ya karamu. Alieleza jinsi kila jioni unamkunjia mgeni taulo likawa mnyama na kumwachia kitandani, ili akirudi acheke. "Hata leo nimemletea Ndunge tembo. Umemwona hapo mezani? Lulu ni meli nzuri, sikatai, lakini Malkia inakufanya uone kwamba binadamu akiamua anaweza."

"Hukukumbuka nyumbani?"

"Usiku nilikumbuka. Nilikuwa naweka pasipoti chini ya mto, naitoa, naangalia hiyo ngao ya Kenya mpaka nalala. Asubuhi nafungua pazia, bahari yote hiyo mbele yangu."

"Pole," Najma alisema kwa ule upole wake. "Asante, mwalimu."

Alibakiwa na swali moja tu, na alikwenda kumuuliza Pasta. Je, kuna lolote lililofanyika kwenye sinia ambalo watu hawakuliona?

Pasta alikuna kidevu. "Nilipaka pasipoti mafuta ya upako. Niliona nipake baada ya kusema tufumbe macho, ili watu wasiangalie mkono wangu badala ya kumwangalia Mungu. Pengine nilimwaga zaidi kidogo."

Saa kumi na moja jioni Najma aliwarudisha wote sebuleni. Ndunge alikaa kwenye kiti cha chini, macho mekundu, mkoba wake wa safari miguuni. Mezani, kando ya sinia, tembo wa taulo bado alikuwapo. Watu wote waliokuja kabla ya maombi walimkumbuka akiwa na mkonga juu, anachekesha watoto. Sasa kichwa chake kilikuwa kimeinama upande.

"Maskini tembo," Musyimi alisema, akinyoosha mkono. "Nipeni niende nimkunje upya, Ndunge atampata kesho kabla ya basi."

"Mwache," Najma alisema. "Mwalimu, hiyo pasipoti ya chini ya mto, nani alikuwa anakutolea ofisini?"

Musyimi alirudisha mkono. "Ofisi gani?"

"Ya wafanyakazi. Kule pasipoti hufungiwa."

"Kila meli iko na sheria yake, afande."

"Hapana, Kapteni," Wavinya alisema polepole, kana kwamba mwenyewe hakutaka kusema. "Nimefanya mbili. Na rafiki zangu wa Malkia wanalia hivyo hivyo. Hata dirisha hawana."

Najma akaendelea bila kupandisha sauti. "Mimi sikumshuku mtu kwa kujisifu. Lakini Ndunge kesho kutwa anapanda meli ile ile. Siku ya kwanza wanamnyang'anya pasipoti, wanampeleka kulala chini, na akiuliza wazee wa kazi, hakuna anayemjua Musyimi. Kati ya watu wote walio hapa, nani anaumizwa na safari hii zaidi? Nyamai atangoja. Kanyiva atapata mwaka ujao. Wewe ungepoteza jina kwa siku moja."

"Hiyo si ushahidi," Musyimi alisema, lakini shati lile halikumsaidia tena kusimama wima.

"Kweli. Pasta, nani alijua kwamba pasipoti ina mafuta?"

"Mungu na mimi."

Watu walicheka kidogo, wakajizuia.

"Mwizi hakujua. Alifumbua macho baadaye, akashika kitu kinachoteleza. Ndiyo maana kuna mtu alihitaji sabuni mara mbili, katika nyumba ambayo kikombe kimoja kinatosha. Na hangeweza kutia kitu cha mafuta mfukoni mwa shati jeupe, kwa hiyo alikitia mahali pa karibu ambapo mikono yake inapafahamu kuliko mikono yetu sisi wote. Tumepekua hadi vitunguu. Tembo hakuguswa na mtu, alikuwa amependeza mno."

Alimgeuza tembo. Chini ya sikio kulikuwa na doa la manjano. Najma aliinua kichwa cha taulo, akaingiza vidole kwenye mikunjo ya shingo, akatoa pasipoti.

Mama Ndunge alipiga vigelegele. Ndunge aliipokea, akaipangusa kwa kanga, akamtazama mwalimu wake.

"Uliwahi kufanya kazi wapi?" aliuliza.

Musyimi alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. "Bandarini Mombasa. Nilibeba mizigo ya wageni mpaka chini ya ngazi ya kupandia meli. Hapo askari anachukua tikiti, mimi narudi. Wahudumu wakishuka kupumzika nilikuwa nawanunulia mahamri, wananifundisha. Taulo, sinia, vitanda, yote nilijifunza nimekaa juu ya masanduku. Nilirudi nyumbani nikasema nilikuwa juu, melini. Mara ya kwanza nilisema kwa mzaha. Watu wakapenda. Wewe ukapenda, Ndunge. Nilipanga nikurudishie wiki ijayo, niseme nimeiokota."

"Wiki ijayo meli imeenda!"

"Najua."

"Sijakusamehe," Ndunge alisema. "Nataka ujue hivyo. Lakini watahini waliniuliza ni meli gani iliyonifundisha, kwa sababu hawajaona mtu ametandika kitanda namna ile kwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa kazi yako. Kwa nini haikukutosha?"

Najma alimwambia Musyimi asimame waende kituoni kuandika maelezo. Kuhusu mashtaka, mkuu wake ndiye angeamua. Alimshika kiwiko kwa heshima, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mlangoni Musyimi alisimama na kugeuka.

"Ndunge. Kuna kitu nimetaka kujua hii miaka yote, na singeweza kuuliza mtu. Meli kubwa namna hiyo ikianza kutoka, wewe uliye ndani unasikia inatembea?"

Wavinya alifungua mdomo ajibu. Ndunge alimshika mkono.

"Usimwambie," alisema. "Nitamwambia mimi, nikirudi."