Pete Asiyoitazama

Melvina Laronde na Alwin Darroux walikutana kwa kugombania wateja, na aliyewaona asubuhi ile angeapa kwamba wataishia polisi.

Meli kubwa ilikuwa imetia nanga gatini Roseau, mji mkuu wa kisiwa, imeziba bahari yote kwa mtu aliyesimama barabara ya ufukweni, na watalii walikuwa wanateremka na kofia zao mpya. Nje ya geti wauzaji wa ziara walijipanga na vibao vyao vya picha. Melvina alikuwa anauza kuelea mtoni kwa maboya. Alivaa suruali fupi ya jinzi, fulana ya manjano, hereni kubwa kama vikombe, na sauti yake ilisikika mpaka sokoni. Pembeni yake siku hiyo kasimama mgeni, mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, anauza kwenda kutazama nyangumi. Kiatu chake cha kushoto kilishonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Melvina alikiona kile kiatu kabla hajamwona mwenyewe.

Mzee mmoja na mkewe wakasimama katikati yao, hawajui wachague nini.

"Nyangumi ukimfuata anakukimbia," Melvina akamwambia yule mama. "Mto haukimbii, unakusubiri."

"Mito hata kwao ipo," Alwin akadakia. "Nyangumi je?"

"Huyu kaka jana kawapeleka watu baharini, wamerudi hawana habari ya nyangumi, wametapika tu."

"Walitapika kwa furaha, dada yangu."

Watalii wakacheka, wakasogea, wakajaa. Wale wawili waliendelea kurushiana maneno mpaka mzee na mkewe wakaenda zao kuchukua ziara ya chemchemi za moto kwa mtu wa tatu, aliyekuwa kanyamaza muda wote. Melvina akabaki anamtazama Alwin, Alwin anamtazama Melvina, na cheko likawatoka wote wawili kwa pamoja. Hapo ndipo mama mmoja mtu mzima, Ma Bertine, alipowashika mikono, mmoja huku, mmoja huku.

"Nyie mnagombana vizuri," akawaambia. "Njooni mgombanie kwangu, nitawalipa."

Ma Bertine alikuwa na ua mpana nyuma ya mji, karibu na bustani ya mimea, na ziara aliyoiita Harusi ya Kisiwani. Siku ya meli, watalii waliichagua kwa wingi kuliko maporomoko. Wakifika wanapewa togwa ya tangawizi, kodiani inalia, na bibi harusi anatoka na gauni refu la zamani, sketi ya ndani nyeupe inachungulia, kilemba cha mirabaraba kichwani. Bwana harusi anapiga goti na pete ya pazia mkononi. Bibi harusi anamkataa. Wageni wanaombwa wamtetee bwana harusi kwa kutia chochote kwenye kofia, na kofia ikijaa bibi harusi anakubali, watu wanacheza. Hayo ndiyo waliyoyafanya Melvina na Alwin kila meli ilipokuja. Kuoana wameoana mara nyingi hata wenyewe walisahau idadi.

Na maneno ya kukataa aliyatunga Melvina mwenyewe, wiki ya kwanza tu, akiwa bado hamjui mtu anayemsema. Alikuwa anawageukia wageni, mkono kiunoni, anasema: "Eti anioe! Hana hata paa la kujifunika, na hiyo pete kaiokota jalalani." Ua zima linavunjika mbavu. Ma Bertine akasema maneno hayo yasiguswe.

Kumbe Alwin kweli hakuwa na paa. Kimbunga kililibeba bati la nyumba yao ya mtaa wa Newtown lote, akahamia na mama yake kwenye chumba cha uani kwa shangazi yake, nyumba ya jirani. Melvina alikuja kuyajua hayo baadaye, walipoanza kupendana, na walipendana upesi. Baada ya maonyesho Alwin alikuwa anamsindikiza mpaka mlangoni, na hajafika kwake, simu ya Melvina inaita.

"Umeshakula?"

"Alwin, umeniacha hapa sasa hivi. Nitakula nini, mlango?"

"Nimekumbuka sikukuambia kitu."

"Kitu gani?"

"Nimesahau. Ngoja nikae kwenye simu mpaka nikumbuke."

"Salio litakuishia, wewe."

"Liishe. Likiisha narudi kwa miguu."

Mama yake Alwin, Ma Solange, alipougua, Melvina ndiye aliyekuwa anamwogesha. Alimpaka mafuta ya nazi mikononi, akiizungusha pete yake nyembamba ya dhahabu iliyobonyea upande mmoja, maana vidole vilikuwa vimekonda na pete inataka kuvuka. Ma Solange alimwita mwanangu. Alikufa katika chumba kile cha kuazima, na Melvina alilia kama amefiwa na wake.

Na bado, meli iliyofuata, alisimama uani kwa Ma Bertine akasema hana hata paa la kujifunika. Mara moja tu alimuuliza Alwin, kwenye simu, kama yale maneno hayamuudhi. "Yanajaza kofia, mpenzi," Alwin akajibu. "Endelea." Melvina akaendelea. Hakumuuliza tena, kwa sababu jibu lile lilimfaa. Kicheko cha watu kilikuwa kitamu, na yeye alikipenda, tuseme ukweli.

Basi ikaja siku ya meli mbili kwa mpigo. Ua ulijaa mpaka watu wakakaa ukutani. Melvina alikuwa moto siku hiyo, gauni lake jekundu limetiwa wanga, kila neno analotamka linachekwa. Alwin akapiga goti. Sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, na Melvina alidhani mafua.

"Melvina, utakubali nikuoe?"

Yeye alikuwa ameshawageukia wageni, kama alivyozoea. Mkono kiunoni. "Eti anioe! Hana hata paa la kujifunika." Watu wakaangua kicheko, simu zikainuliwa, naye akanogewa, akaongeza kipya: "Na hiyo pete msiione inang'aa, kaiokota jalalani, alikotupwa na mama yake!"

Kicheko kilichopigwa hapo hakijawahi kupigwa ua ule. Ndipo Melvina alipoinamisha macho kuinyooshea kidole ile pete ya pazia, akaiona ile nyembamba, ya dhahabu, iliyobonyea upande mmoja.

Alwin aliifumbata pete, akaitia mfukoni, akasimama, akamwinamia kama bwana harusi anavyotakiwa, akamshika kiuno. Wakacheza mpaka mwisho, Alwin hakukosea hata hatua moja. Melvina alikuwa anamnong'oneza, "Alwin, sikuona, wallahi sikuona," naye anatabasamu kwa ajili ya wageni. Kofia ilijaa mpaka ikabidi iletwe ya pili.

Kesho yake Alwin hakuja. Alirudi getini na kibao chake cha nyangumi.

Video, hata hivyo, ilikuja. Mfanyakazi mmoja wa uani alikuwa ameirekodi, akaitupia kwenye kundi la simu la marafiki zake, na kabla ya Jumapili mji mzima umeiona. Melvina akienda kununua samaki, muuzaji anamuuliza kama anataka wa jalalani. Wengine walikuwa wanacheka naye, wanadhani ni umaarufu. Waliomjua Ma Solange hawakucheka. Shangazi yake Alwin alikutana naye mlangoni mwa kanisa, akamtazama usoni, akapita bila salamu. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alirudi nyumbani, akafunga dirisha, akaitazama ile video yeye mwenyewe, akaiona sura yake ilivyokuwa na raha. Alijichukia.

Alwin hakuzipokea simu zake. Siku aliyopokea, ilikuwa heri asingepokea.

"Habari za kazi, Melvina?"

"Usiniongeleshe kama mteja. Nitukane tu."

"Nikutukane kwa lipi? Ulisema maneno ya kazi."

"Nilimtaja mama. Mimi niliyemwogesha."

Alwin akasema, polepole, "Sikukukasirikia wewe sana kama nilivyojikasirikia mimi. Umenisema vile kila meli, na mimi nacheka pamoja nao, nahesabu kilichoingia kwenye kofia. Siku ile ndiyo nimejiona. Nimeona aibu, Melvina. Siwezi kurudi kupiga goti pale."

"Na kwangu je, huwezi kurudi?"

"Niache kwanza," akasema, akakata.

Melvina alimwendea Ma Bertine kumwambia anaacha kazi. Ma Bertine alikuwa anachambua mchicha barazani, hakuinua kichwa. Alimwambia akae. Kisha akamwambia jambo ambalo Melvina hakulijua: kwamba usiku wa kuamkia siku ile Alwin alikuwa amepiga msumari wa mwisho kwenye paa la Newtown. Tangu Ma Solange azikwe na Melvina aache kwenda kule, alikuwa anajenga kidogokidogo, kwa siri, akitoka kazini. Alifika asubuhi kumwomba Ma Bertine ruhusa aulize kweli, mbele ya watu walewale.

"Alisema umemkataa hadharani kwa kukosa paa," Ma Bertine akasema, "sasa anataka umkubali hadharani kwa kuwa analo. Ukimaliza kukataa tu, ndipo angekuambia. Na mimi mzee mzima nikaona ni jambo zuri, nikamwachia. Nami nina lawama."

Melvina alijifunika uso kwa mikono yake miwili.

Meli iliyofuata ilikuta mvua ya rasharasha. Watalii walikuwa wamekusanyika getini chini ya miavuli, wanasoma vibao, wanabishana nyangumi au maporomoko, bahari au mlima. Melvina alikuja bila hereni, na gauni la bluu la kawaida, akapanga foleni nyuma yao kama aliyeshuka melini. Wauzaji wenzake walimwona.

"Melvina, umepotea, jalala liko kule," mmoja akamtania.

Alivumilia, akasogea na foleni. Alistahili. Zamu yake ilipofika, Alwin alimtazama, kisha akakitazama kibao.

"Karibu, mama. Ungependa ziara gani?"

"Unazo zipi?"

"Kuna nyangumi. Kuna maporomoko, ila njia ina utelezi leo. Kuna chemchemi za moto."

"Hakuna nyingine?"

"Kuna ya harusi. Hiyo mimi siiuzi."

"Siitaki hiyo," Melvina akasema. Akavuta pumzi, akapaza sauti yake ileile ya kufika sokoni. "Nimesikia Newtown kuna nyumba imepauliwa upya. Nataka kuiona. Na kabla hujanijibu, hawa wauzaji wote waliisikia ile video, basi wasikie na hili. Pete ile ilikuwa ya Ma Solange, na Ma Solange hakutupa kitu jalalani maisha yake yote. Niliitukana bila kuitazama. Mwenye kuona aibu ni mimi, si wewe."

Yule aliyemtania akajifanya anafuta kibao chake. Watalii hawakujua kinachoendelea, lakini bibi mmoja wa kizungu mwenye mwavuli wa maua alimgusa Alwin bega.

"Hiyo ya nyumba nasi tunaitaka," akasema. "Ni kiasi gani?"

Alwin alimtazama yule bibi, akamtazama Melvina aliyelowa, na midomo yake ikaanza kucheza, akijizuia asicheke.

"Hiyo haiuzwi, bibi," akasema. Akampa kibao yule mwenzake aliyekuwa anamtania Melvina, akamwambia wateja wote wa leo ni wake.

Walikwenda Newtown kwa miguu bila kuzungumza sana. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, haina hata kiti, inanukia mbao mbichi, na bati lake jipya linang'aa. Waliingia tu, mvua ikamwagika.

Alwin hakupiga goti. Alisimama mbele yake, akatoa pete, akaishika kati yao. "Hapa hakuna kofia," akasema. "Utakubali nikuoe?"

Melvina aliitazama pete kwanza. Alitazama pale ilipobonyea, akamtazama mwenye kuishika, usoni, na kwenye kile kiatu chenye uzi. Majibu alikuwa nayo mengi siku zote. Sasa alibaki na lile dogo tu, na lilimtoka kwa sauti ndogo.

"Nini?" Alwin akauliza.

"Nimesema ndiyo."

"Sisikii, mpenzi. Bati lina kelele."

"Hilo bati lako!" Melvina akasema, analia na anacheka. Akajaza kifua, akapiga ukelele uliopita juu ya mvua. "Nimesema ndiyo, Alwin Darroux! Nimekubali!"

Kisha upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, sauti ya shangazi yake Alwin ikaitikia, kavu kabisa.

"Tumesikia. Sasa mwache avue viatu, sakafu mpya hiyo."