Daftari Lililosema Wote Wapo

Uliwaona. Ulipita na baiskeli kando ya majaruba, saa nne asubuhi, siku ya shule, ukawaona watoto wakiamia ndege kwenye mpunga. Ukageuza uso. Basi sikiliza habari za Makarius, mkulima wa huku Kasansa. Naye aligeuza uso.

Kila mpunga ulipoanza kukomaa, Makarius alimtoa binti yake Jeniffer darasani akafukuze kweleakwelea, wale ndege wadogo walao nafaka. Wazazi wengi walifanya hivyo. Kisha walimwomba mwalimu aandike kwenye daftari la mahudhurio kwamba watoto wapo, ili wao wazazi wasiitwe kwa mtendaji wa kijiji. Walimu waliotangulia waliandika. Mwalimu Lusia alikataa. Alifundisha peke yake watoto mia na thelathini wa madarasa mawili, tena ndiye mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni.

Wazazi wakachukia. Walisema chama hicho kazi yake ni kutetea wavivu. Wakaandikisha barua ahamishwe. Makarius hajui kusoma. Alichovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya karatasi.

Lusia akahamishwa. Hakuletwa mwingine. Mwalimu mkuu alibeba mzigo wote, na kila mstari wa daftari akaandika yupo.

Jeniffer akafeli mtihani wa darasa la nne. Makarius alimpa mfuko wa mbolea amsomee maandishi yake. Mtoto alitazama herufi, kisha akatazama chini. Makarius akajiona mwenyewe.

Alikwenda Usevya kwa Mwalimu Optatus, kiongozi wa chama cha walimu upande ule. Alifika amewaka.

"Chama chenu kinakula tu. Watoto wetu wanabaki mbumbumbu."

Optatus alimpa kiti. Akamsomea polepole barua ambayo Lusia aliipeleka wilayani kwa jina la chama. Iliomba mwalimu wa pili, na masomo ya kufidia baada ya msimu wa ndege. Mshahara haukutajwa popote. Jibu la wilaya lilikuwa fupi: madaftari ya miaka iliyotangulia yanaonyesha watoto wapo, kwa hiyo tatizo ni mwalimu.

"Haki za mwalimu tunazitetea, ndiyo," alisema Optatus. "Wavivu nao wapo, tunawasema. Lakini hata elimu bora tunaidai mezani, Baba Jeniffer. Nyie mkiandikisha uongo, tudai kwa ushahidi gani?"

"Kwa hiyo dole langu..."

"Lilimwondoa aliyekuwa anamsemea mtoto wako."

Kwenye mkutano wa wazazi Makarius alisimama akakiri kosa lake. Walimcheka, wakamwita wakili wa kweleakwelea. Mkewe, Marsela, ndiye aliyewanyamazisha. Alitaja watu wazima watakaoamia ndege kwa zamu, akaanza na jina lake. Daftari likaandikwa kweli. Wazazi wakaweka tena madole gumba, safari hii kwenye barua moja na chama cha walimu.

Baada ya miezi mitano aliletwa mwalimu mmoja. Jeniffer anarudia darasa. Mfuko wa mbolea anausoma sasa, taratibu, kidole mstarini. Wenzake kumi na wawili walishaacha shule. Lusia hakurudi.

Na wewe? Mpunga wako unakomaa. Kesho asubuhi mpeleke mtoto darasani, manati ishike mwenyewe. Kisha nenda ukaombe daftari la mahudhurio. Linganisha majina na vichwa vilivyokaa. Penye uongo, sema. Penye upungufu, weka jina lako kwenye barua ya walimu. Kesho, siyo baada ya mavuno.