Kibao cha Masele

Kabla ya kibao kile nilikuwa na cherehani. Ilikaa barazani kwetu Kirumba, nami nilishona sare za shule na kutia viraka suruali za watu. Mume wangu, Masele, alikuwa fundi katika kiwanda cha pamba. Kiwanda kikauzwa, tajiri mpya akapunguza watu, na Masele akarudi nyumbani na boksi la vifaa vyake.

Mikono yake ni mizuri, hilo simnyimi. Akaanza kutengeneza karabai, zile taa za mafuta ambazo wavuvi huwasha ziwani kuvuta dagaa. Akapanga chumba kando ya njia inayopanda kutoka bandarini. Wavuvi wa Nansio, kule kisiwani, wakishuka melini na taa mbovu, wanapita pale pale mlangoni.

Masele akasema lazima awe na kibao. Nikamwambia aandike tu kwamba anatengeneza karabai. Akanicheka. Siku hizi, alisema, kila mtu ana kampuni. Basi akauza cherehani yangu ili amlipe mchoraji. Hakuniuliza, alinijulisha tu.

Kibao kikaja kirefu kama kitanda. Kiliandikwa kwa Kiingereza, MASELE ENTERPRISES, herufi nyekundu juu ya bluu, zimepindapinda na kutiwa vivuli. Chini yake kulikuwa na tai aliyekunjua mabawa, mstari wa Biblia, na cheo cha Masele cha kule kiwandani. Akakitundika kielekee mtaani kwetu, majirani wakione. Mtu aliyetoka bandarini aliona mgongo wa bati.

Wavuvi walipita na taa zao mikononi. Masele alikaa mlangoni akiwangoja, halafu akaanza kuwatukana chinichini, eti washamba, hawajui kusoma. Mwenye chumba akaja kutuambia kwamba mwezi ukiisha tufungashe. Mimi nikashika ufagio, maana ningefungua mdomo ningesema yote.

Aliyenunua cherehani ni jirani yetu Mwalimu Josepha, mama wa Kihaya anayefundisha watu wazima kusoma. Asubuhi moja alipita akamkuta Masele ananung'unika. Hakubishana naye. Alimsimamisha mvuvi aliyekuwa anapita na karabai, akampeleka mbele ya kibao.

"Samahani, baba. Hapa wanafanya kazi gani?"

Mvuvi alimtazama yule tai. "Labda kanisa jipya," akasema. "Au wanauza kuku."

Nilicheka, na kicheko chenyewe kiliniuma.

"Unaona, baba Mihayo," Mwalimu akamwambia Masele. "Huyu taa anayo mkononi. Kibao si cha kukusifu wewe. Ni cha kumjibu yeye: mnafanya nini, na aingie wapi."

Akamweleza taratibu. Lugha iwe ya mteja. Maneno yawe machache. Herufi ziwe nene, zisimame wima, nyeusi juu ya nyeupe, zisomeke kwa mbali. Asiyejua kusoma achorewe taa. Na kibao kielekee kule wateja wanakotoka.

"Asante, Mwalimu," Masele akasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia."

Nilikuwa nimesimama pale pale, sufuria ya uji mkononi.

Kibao akakipaka upya mwenyewe. Akaandika: TUNATENGENEZA KARABAI. INGIA HAPA. Akachora taa kubwa, akakigeuza kitazame bandarini. Yule mvuvi ndiye aliyeingia wa kwanza. Meli iliyofuata ikaleta wengine, na benchi la mlangoni likajaa. Chumba hatukukipoteza. Siku hizi Masele anawafundisha mafundi wenzake habari za vibao utadhani alizaliwa nazo.

Cherehani haikurudi. Nilipoitaja, Masele alisema tungoje kwanza biashara ikae sawa. Mpaka leo inakaa sawa, na mimi nangoja. Kila asubuhi nikishamaliza kufagia navuka barabara kwenda kwa Mwalimu Josepha kushona kibarua kwenye cherehani ile ile. Barazani kwake ametundika kipande cha ubao, maneno meusi juu ya meupe: TUNASHONA NGUO. INGIA HAPA.

Nami naingia.