Kwa Nini Adero Alisomea Ubongo

Kila Jumamosi Caren huanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga kando ya Ziwa Victoria. Siku hiyo alikuwa na msaidizi: rafiki yake wa utotoni, Profesa Adero, mkuu wa chuo cha udaktari. Adero alikuwa ameinama juu ya wavu, anaondoa majani kwenye samaki.

"Mikono yako imekuwa laini," Caren akamchokoza. "Kuongoza madaktari hakuna magamba."

"Kuna mikutano. Afadhali magamba."

Wakacheka. Caren alimkumbuka Adero wa zamani, msichana aliyepasua vichwa vya mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, ili aone ubongo unakaaje. Mama yake alimfukuza ufuo mzima, maana mbuta hao walikuwa wa kuuzwa.

Ghafla Winny, binti wa Caren, akaanguka juu ya omena. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Povu likamtoka mdomoni. Wanawake waliokuwa wakianika karibu wakarudi nyuma, kwa kuwa waliamini povu hilo huambukiza. Caren akashika kijiko, akakimbia kukitia kati ya meno ya mtoto.

"Weka chini, Mama Winny," Adero akasema. "Usimtie kitu mdomoni. Mtu hawezi kumeza ulimi wake. Kijiko kitamvunja meno."

Akasogeza ndoo mbali. Akakunja leso na kuiweka chini ya kichwa cha Winny. Hakumshika kwa nguvu. Alitazama saa tu. Mwili ulipotulia, akamlaza kwa ubavu.

"Kutikisika kukizidi dakika tano, au kukirudia kabla hajazinduka, mkimbize hospitali."

Winny alizinduka, akalala kivulini.

"Anameza dawa za kifafa?" Adero akauliza.

Caren akatazama chini. "Aliacha. Aliombewa kanisani, akakaa muda mrefu bila kuanguka. Nikaona kuendelea na dawa ni kumtilia Mungu shaka. Sasa nimeamua, shule basi. Atakaa hapa nimwone."

Adero akaketi kando yake. "Unamkumbuka Enos?"

Angemsahauje? Enos alikuwa golikipa wao shuleni. Aliiga sauti ya pasta mpaka mtu anashika mbavu. Siku moja alianguka darasani, na watoto wote wakatoka mbio, hata wao wawili. Akarudishwa nyumbani. Hakusoma tena. Alipokuwa kijana alianguka kutoka kwenye mtumbwi, akiwa peke yake ziwani, akazama.

"Nilipomaliza udaktari, wenzangu walichagua upasuaji," Adero akasema. "Mimi nikachagua ubongo. Miaka yote ile maabarani, jicho kwenye darubini, nilikuwa namtafuta Enos."

"Ukampata?"

"Nilipata ugonjwa wake. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kwa mwenye kifafa, umeme huo huvurugika ghafla. Ugonjwa huu si laana, na hauambukizi. Wengi wakimeza dawa kila siku, hawaanguki tena. Ndiyo maana nilipopewa chuo nilisema hakuna daktari atakayemaliza kwangu kabla hajafanya kazi kliniki ya kifafa."

"Na maombi?"

"Omba. Hata mimi naomba. Halafu mpe dawa. Isiachwe mpaka daktari aseme."

Caren alimtazama binti yake aliyelala. "Enos angekuwa na wajukuu sasa," akasema taratibu.

Jumatatu walikwenda kliniki. Winny akaanza dawa tena, wakaambiwa itachukua muda kukaa sawa. Kisha Caren akampeleka shuleni mwenyewe, akawaonyesha mwalimu na watoto la kufanya akianguka.

Wiki ya pili simu ikalia. Winny ameanguka. Caren akaacha omena juani, akakimbia.

Alimkuta dawatini, sweta ya jirani yake, waliyomwekea chini ya kichwa, ikiwa bado imekunjwa mapajani mwake.

"Mama, unanuka omena," Winny akanong'ona. "Nenda basi. Tuko katikati ya hesabu."

Caren akatoka, analia na kucheka. Daktari akaongeza dawa kidogo, na mwaka ukaisha bila Winny kuanguka tena. Bado anaimeza, kila jioni, kabla ya sala.